Idara ya Uhamiaji ya Kanada hutunga sera zake kwa njia gani, na maoni yetu huingia wapi?

Katibu wa Chama, Winnipeg

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu kwa heshima.

Mimi ni katibu wa chama kidogo cha familia zinazozungumza Kiswahili hapa Winnipeg. Wengi wetu tulitoka Kivu ya Kusini na Burundi, baadhi kwa kupitia kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, na wachache ni Wakenya na Watanzania waliokuja kwa masomo au kazi. Kwa miaka sita sasa nimekuwa nikiwasomea wenzangu barua za serikali na kuwasindikiza kwenye mashirika yanayowapokea wageni, na katika muda huo nimeona jambo ambalo sijaweza kulielewa. Kuna masharti yanayobadilika kati ya jioni na asubuhi, wakati mtu ameshalipia mtihani wa lugha na tathmini ya vyeti vyake; na kuna masharti mengine ambayo kila niliyezungumza naye anakiri kuwa yanawatenganisha watoto na wazazi wao, lakini hayo hudumu miaka na miaka bila kuguswa.

Mwezi uliopita chama chetu kilialikwa kutoa maoni kuhusu mpango wa uhamiaji wa miaka ijayo. Wanachama wamegawanyika. Wazee wanasema tuandike kwa kuwa tumeulizwa, na asiyejibu anapoulizwa hana haki ya kulalamika baadaye. Vijana wanasema uamuzi umeshapita na karatasi yetu itaishia kabatini. Kabla hatujakubaliana, ningependa kuelewa mambo matatu. Ni nani hasa anayeiandika sera ndani ya idara, na hupita katika mikono ipi kabla haijamfikia ofisa anayelishika faili la mtu? Kwa nini mabadiliko mengine huja ghafla na mengine hayaji kabisa? Na je, maoni ya chama kama chetu huingia wapi katika safari hiyo, kama huingia?

Naomba anijibu mwenye ujuzi wa jambo hili. Uvumi umeshatugharimu vya kutosha.

Mstaafu, Ottawa

Ndugu Katibu, nilifanya kazi ya uchambuzi wa sera katika serikali kuu kwa zaidi ya miaka ishirini, na sehemu ya miaka hiyo niliitumia kwenye masuala ya uhamiaji, kabla sijastaafu. Nitaanza na swali lako la pili, kwa sababu ukishalielewa hilo, mengine yatajieleza.

Tunaposema kwamba Kanada imebadilisha sheria, mara nyingi sheria yenyewe haijaguswa hata herufi moja. Sheria ya Uhamiaji na Ulinzi wa Wakimbizi ilipitishwa mwaka 2001 na kuanza kutumika tarehe 28 Juni 2002, nayo imeweka mihimili tu: malengo ya uhamiaji, makundi makuu matatu, yaani wa kiuchumi, wa kifamilia na wakimbizi, mamlaka aliyopewa Waziri, na njia za rufaa. Kuibadilisha kunahitaji muswada upite mabunge yote mawili. Chini yake kuna kanuni, ambazo hupitishwa na Baraza la Mawaziri. Rasimu ya kanuni kwa kawaida huchapishwa katika sehemu ya kwanza ya Gazeti la Serikali ya Kanada, ikiambatana na taarifa ya uchambuzi wa athari inayoeleza tatizo, njia zilizofikiriwa, gharama na watakaoguswa. Umma hupewa muda wa kutoa maoni, mara nyingi siku 30, na kisha kanuni iliyokamilika huchapishwa katika sehemu ya pili. Kazi hiyo mara nyingi huchukua mwaka mzima au zaidi.

Chini ya kanuni kuna kitu ambacho watu wengi hawakijui, nacho ndicho kinachokukosesha usingizi: maagizo ya Waziri. Tangu mwaka 2008, Bunge lilimpa Waziri uwezo wa kuamua kwa sahihi yake ni maombi gani yapokelewe, mangapi, na yashughulikiwe kwa mpangilio gani, mradi maagizo hayo yachapishwe katika Gazeti la Serikali. Mfumo wa Express Entry wa kuwachagua wahamiaji wenye ujuzi wa kazi, ulioanza Januari 2015 na kuwapanga waombaji kwa alama zisizozidi 1,200, unaendeshwa kwa maagizo ya namna hiyo. Ndiyo sababu alama za ziada za ahadi ya ajira, ambazo zilikuwa 50 au 200, ziliweza kuondolewa kwa siku moja, tarehe 25 Machi 2025. Ndiyo sababu pia Waziri Marc Miller aliweza kutangaza ukomo wa idadi ya vibali vya masomo tarehe 22 Januari 2024, na maombi yakaanza kudai barua ya uthibitisho ya jimbo papo hapo.

Halafu kuna kile kinachoitwa sera ya umma, ambayo kifungu cha 25.2 cha Sheria kinamruhusu Waziri kuitumia kulisamehe kundi fulani la watu sharti fulani. Hii huwa ya muda. Mfano unaokumbukwa na wengi ni ule wa tarehe 6 Mei 2021, nafasi 90,000 za ukaazi wa kudumu zilipofunguliwa kwa waliokuwa tayari nchini kama wafanyakazi au wahitimu. Fungu la wahitimu 40,000 lilijaa ndani ya takribani siku moja. Mwisho kabisa kuna miongozo ya maofisa, ambayo si sheria, lakini ndiyo inayosomwa na mtu aliyelishika faili lako.

Kwa hiyo, Ndugu Katibu, kila unapokutana na sharti linalokukera, jiulize kwanza limeandikwa wapi kati ya sehemu hizo tano. Lililo katika maagizo ya Waziri huja upesi na huondoka upesi. Lililo katika kanuni halitaondoka kwa huruma ya mtu mmoja, hata awe Waziri mwenyewe.

Sasa nije kwa waandishi. Ndani ya idara kuna matawi ya sera, na wachambuzi wake si mawakili wote. Wapo wachumi, wanatakwimu na watu wa sosholojia. Wazo linaweza kutoka kwenye barua ya majukumu ambayo Waziri Mkuu huwaandikia mawaziri, kwenye hukumu ya mahakama, kwenye malalamiko ya majimbo, au kwenye takwimu. Kanada ina hazina ya takwimu ambayo nchi nyingi hazina: kumbukumbu za wahamiaji waliopokelewa tangu mwaka 1980 zimeunganishwa na marejesho yao ya kodi, kiasi kwamba mchambuzi anaweza kuona, bila kujua jina la mtu, kama aliyechaguliwa kwa shahada yake alipata kipato cha kutosha miaka mitano baadaye. Tathmini ya mwaka 2010 ya programu ya wafanyakazi wenye ujuzi ilionyesha uzito wa lugha na umri, na mwaka 2013 masharti yakabadilishwa kwa kuweka kiwango cha chini cha lugha na kudai vyeti vya kigeni vitathminiwe kabla mtu hajaomba. Waliolipia tathmini hizo tangu wakati huo walikuwa wanalipia matokeo ya ripoti ambayo huenda hawakuwahi kuisikia.

Wazo likikomaa, huandikwa waraka wa Baraza la Mawaziri. Humo huwekwa njia kadhaa, gharama ya kila moja, hatari ya kisheria, athari kwa wanawake, wanaume na makundi mbalimbali, na maoni ya wizara na mashirika mengine, kwa mfano wanaosimamia mipaka, ajira na afya. Waraka huo ni siri, na hapo ndipo mwananchi hupoteza macho yake. Baraza likikubali, fedha huombwa kwa andiko jingine kwenye Bodi ya Hazina.

Baada ya hapo huja hatua ambayo mimi naiona muhimu kuliko zote, ingawa haitangazwi na mtu yeyote: usanifu wa programu. Ni hapa ambapo huamuliwa nani anastahili, athibitishe kwa hati gani, fomu ijazwe wapi, ada iwe kiasi gani, faili liende ofisi ipi, na mafanikio yapimwe kwa kipimo kipi. Sera nzuri inaweza kuharibiwa hapa. Mwaka 2019, mwaliko wa kuwadhamini wazazi na mababu ulitolewa kwa waliowahi kuwasilisha fomu mtandaoni kwanza. Fomu ilifunguliwa mwishoni mwa Januari na kufungwa baada ya dakika chache tu. Sera ilisema familia ziunganishwe, lakini usanifu ulimchagua mwenye vidole vyepesi na intaneti ya kasi. Mwaka uliofuata utaratibu huo uliachwa, majina yakachaguliwa kwa bahati nasibu.

Upo pia usanifu uliofanyika kwa subira. Mwaka 2017 majimbo manne ya pwani ya Atlantiki yalianza programu ya majaribio iliyomtaka mwajiri aidhinishwe kwanza, na kila familia iandaliwe mpango wa makazi kabla ya kufika. Programu ikatathminiwa, ikarekebishwa, na Januari 2022 ikawa ya kudumu. Kwa majaribio ya aina nyingine, yale ya kiuchumi yanayoanzishwa kwa maagizo ya Waziri, Sheria imeweka mipaka kabisa: yasizidi miaka mitano, wala maombi 2,750 kwa mwaka kwa kila kundi. Ukiona programu inafungwa ikiwa na idadi hiyo, ujue kifungu cha sheria ndicho kilichoifunga.

Mama Bahati, Edmonton

Mzee Mstaafu, shikamoo, na Ndugu Katibu, nakusalimu. Mimi si msomi wa mambo haya, lakini habari ya sharti linalowatenganisha watoto na wazazi naijua kwa kuwa imenipitia mwilini.

Nilitoka Uvira nikaingia Nyarugusu, na mwaka 2015 nililetwa Kanada kama mkimbizi pamoja na watoto wangu watatu. Mtoto wa nne, wa kiume, tulipotezana naye wakati wa kukimbia, na kwa miaka mingi niliamini amekufa. Siku ya kujaza fomu, mtu mmoja aliyekuwa akitusaidia kwa malipo aliniambia nisimwandike, kwa kuwa jina la mtoto asiyejulikana alipo lingelichelewesha faili la wote. Nilikuwa na watoto watatu wa kulisha, nikakubali. Mwaka 2017 ndugu yangu akanipigia simu kutoka Uvira: mtoto yuko hai, amelelewa na familia ya wavuvi.

Nilipotaka kumdhamini nikaonyeshwa Kanuni ya 117, sehemu ya 9(d), inayosema kwamba mtu wa familia ambaye hakutajwa na kuchunguzwa wakati mzazi anapoingia nchini hawezi kudhaminiwa baadaye kama mtu wa familia yake. Katika karatasi ile mwanangu hakuwa mwanangu. Niliambiwa njia iliyobaki ni kuomba kwa misingi ya kibinadamu, ombi moja moja, kila mtu na bahati yake, na nisihesabu miaka.

Wakati tukiandaa ombi hilo, Septemba 2019, ikatoka sera ya umma ya majaribio, ya aina ile ambayo Mzee ameieleza. Ilisema kwamba kwa sisi tulioingia kama wakimbizi, na kwa makundi mengine machache, mtoto au mwenza ambaye hakutajwa anaweza kudhaminiwa, mradi kutajwa kwake wakati ule kusingemnyima mzazi haki ya kuingia. Mwanangu alifika mwaka 2021. Alinizidi urefu kwa kichwa kizima, na pale uwanja wa ndege sikujua nimshike wapi.

Nimesimulia haya kwa sababu moja. Mzee amesema sera ya umma ni ya muda. Hii yetu imeshaongezewa muda zaidi ya mara moja, na kila tarehe ya mwisho inapokaribia wanawake wa kanisani kwetu hunipigia simu kuuliza kama mlango bado uko wazi. Kanuni ya 117 haikufutwa. Iko palepale, imefunikwa tu. Naomba Mzee atufafanulie: kwa nini hawakuifuta?

Mwanafunzi wa Utawala wa Umma, Dodoma

Shikamooni wakubwa zangu. Nawashukuru kwa maelezo, hasa Mama Bahati. Darasani tunachorewa utungaji wa sera kama duara: tatizo, machaguo, uamuzi, utekelezaji, tathmini, kisha tatizo tena. Nimefarijika kuona kwamba katika maelezo ya Mzee duara hilo linaonekana angalau kwa sehemu. Mgawanyo wa sheria na kanuni haunishangazi pia, kwa kuwa hata hapa Tanzania Waziri hutunga kanuni chini ya sheria na kuzichapisha kwa Tangazo la Serikali, na wananchi wengi huijua sheria kwa jina lakini huishi chini ya kanuni.

Hata hivyo, naomba kupinga kwa adabu. Tarehe 24 Oktoba 2024 serikali ya Kanada ilitangaza kwamba wakaazi wapya wa kudumu kwa mwaka 2025 watakuwa 395,000, ilhali mpango wa mwaka uliotangulia ulikuwa umesema 500,000. Kwa mara ya kwanza, mpango huo uliweka pia idadi ya wakaazi wa muda, kwa lengo la kuwapunguza hadi asilimia 5 ya watu wote nchini. Sababu zilizotajwa zilikuwa uhaba wa nyumba na kulemewa kwa huduma, na kila aliyefuatilia magazeti anajua kwamba maoni ya wapiga kura yalikuwa yamegeuka. Nina uhakika idara ilikuwa na makabati yaliyojaa maoni ya vyama, waajiri na vyuo. Je, yalizuia lolote? Kama sivyo, vijana wa Winnipeg wana haki ya kusema uamuzi hupita kwanza na maoni huombwa baadaye.

Mstaafu, Ottawa

Marahaba, mwanangu, na Mama Bahati, marahaba. Nimeisoma habari ya mwanao mara mbili kabla ya kuandika.

Nianze na kijana wa Dodoma, kwa kuwa hoja yake ni ya kweli kwa sehemu moja. Idadi ya jumla ni uamuzi wa kisiasa, na umekuwa hivyo tangu zamani. Sheria inamtaka Waziri kuwasilisha bungeni taarifa ya kila mwaka kufikia tarehe 1 Novemba, na inamlazimu kushauriana na serikali za majimbo kuhusu idadi hiyo, mgawanyo wake na huduma za makazi. Uhamiaji ni mamlaka ya pamoja kwa kifungu cha 95 cha Katiba ya mwaka 1867. Quebec ina mkataba wake wa mwaka 1991, na Manitoba imekuwa ikiteua wahamiaji wake tangu mwaka 1998. Mashauriano na umma hufanyika pia, lakini sitamdanganya mtu: chama cha Winnipeg hakitaisogeza idadi ya nchi nzima. Mkiandika kurasa kumi kuomba 500,000 irudi, mtakuwa mmeandikia mahali ambapo hamsikiki.

Masharti na usanifu wa programu ni jambo jingine, na huko nimeshuhudia karatasi ikigeuza jambo. Mwaka 2012 ilitungwa kanuni iliyowataka baadhi ya wanandoa waliodhaminiwa waishi na mdhamini kwa miaka miwili, la sivyo wangeweza kupoteza ukaazi wa kudumu. Lengo lilikuwa kuzuia ndoa za uongo. Mashirika yanayowahudumia wanawake yakaandika, tena kwa mifano, kwamba mwanamke anayepigwa alikuwa anabaki ndani ya nyumba kwa kuogopa kufukuzwa nchini. Kanuni ilikuwa na msamaha kwa wanaodhulumiwa, lakini mashirika yakaonyesha kwamba waliouhitaji hawakuujua au hawakuweza kuuthibitisha. Aprili 2017 sharti hilo lilifutwa, na ukiisoma taarifa ya uchambuzi wa athari iliyochapishwa pamoja na ufutaji huo, utaikuta hoja yao humo.

Mfano wa pili uko mlangoni kwenu. Lengo la kuwapokea wahamiaji wanaozungumza Kifaransa nje ya Quebec, wawe asilimia 4.4, liliwekwa mwaka 2003 na likafikiwa mwaka 2022 tu. Katika miaka yote hiyo jumuiya za Wakanada wanaozungumza Kifaransa, wakiwemo wa Saint-Boniface hapo kwenu Winnipeg, hawakuacha kuandika na kufika mbele ya kamati za Bunge. Juni 2023 sheria ya lugha rasmi ikarekebishwa na kumlazimu Waziri kuwa na sera ya uhamiaji wa Kifaransa yenye malengo na vipimo. Katikati ya mwaka huohuo Express Entry ikaanza kutoa mialiko maalumu kwa wanaokijua Kifaransa. Na mpango wa Oktoba 2024, uleule uliopunguza idadi ya jumla, uliipandisha sehemu ya Kifaransa kuwa asilimia 8.5 kwa mwaka 2025, 9.5 kwa mwaka 2026 na 10 kwa mwaka 2027. Kwa hiyo kijana wa Bukavu au Bujumbura mwenye ufundi wake na Kifaransa cha shuleni amefunguliwa njia na watu ambao hawakuwa wakimfikiria yeye. Nawaomba vijana wa chama waliangalie hilo kabla hawajasema kwamba kuandika ni kazi bure. Niongeze kwamba kwa mialiko hiyo ya makundi maalumu, marekebisho ya mwaka 2022 yanamtaka Waziri kufanya mashauriano ya umma kabla ya kuweka kundi, na mashirika yanayowahudumia wahamiaji yametajwa ndani ya Sheria kwa jina la aina yao.

Sasa swali lako, Mama Bahati. Kanuni ile ilitungwa kwa hofu kwamba mtu angemficha ndugu ambaye ugonjwa au makosa yake yangezuia familia nzima, kisha amlete baadaye kwa udhamini. Hofu hiyo haikuwa ya bure. Tatizo ni kwamba maneno ya kanuni hayamtofautishi aliyeficha na aliyeamini kwamba mwanawe amekufa. Kuyabadilisha kunahitaji kuipitia njia yote niliyoieleza, kuanzia waraka hadi Gazeti la Serikali, tena kwa kuwashawishi wote wanaosimamia udanganyifu. Sera ya umma ilihitaji sahihi ya Waziri. Mtumishi wa umma anayetaka kusaidia watu mwaka huu, wala si baada ya miaka minne, atapendekeza sahihi. Nami huenda ningefanya hivyo. Lakini kila majaribio yanapoongezewa muda, haraka ya kuirekebisha kanuni hupungua, kwa kuwa kilio kimetulia, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi.

Kwa hiyo, Ndugu Katibu, ningekuwa mjumbe wa chama chenu ningeandika juu ya jambo hili moja tu. Msiombe muda uongezwe. Ombeni maneno ya Kanuni ya 117 yabadilishwe ili sharti la sasa la majaribio liwe sehemu ya kanuni yenyewe. Semeni ni familia ngapi kati yenu zimeguswa, bila kutaja majina. Semeni mtoto alikosekana katika fomu kwa sababu gani: alidhaniwa amekufa, alizaliwa faili likiwa limeshafungwa, alilelewa na bibi, au mzazi alidanganywa na aliyejaza fomu. Mchambuzi hawezi kuyaona hayo katika marejesho ya kodi, na ndiyo maana barua yenu itakuwa na thamani. Onyesheni pia gharama, kwa maana ya miaka ambayo mtoto alikaa bila shule na fedha zilizotumwa kila mwezi. Jibuni hofu ya udanganyifu ninyi wenyewe, kabla hamjaulizwa, kwa kupendekeza ushahidi gani uhitajike. Kisha nakala moja ipelekeni kwa mbunge wenu, na nyingine kwa ofisi ya uhamiaji ya Manitoba. Kurasa tatu zinatosha.

Mwanafunzi wa Utawala wa Umma, Dodoma

Nimeelewa, Mzee, na naondoa sehemu ya pingamizi langu. Nina nyongeza moja ndogo. Kwa nilivyosoma, mwaka 1999 Mahakama ya Juu ya Kanada, katika kesi ya Mavis Baker, mama wa Kijamaika aliyekuwa na watoto waliozaliwa Kanada, iliamua kwamba ofisa lazima ayazingatie kwa makini maslahi ya watoto, na Sheria ya mwaka 2001 ikaja kuyataja maslahi bora ya mtoto katika kifungu cha maombi ya kibinadamu. Ikiwa chama kitaandika kuhusu Kanuni ya 117, nadhani kingefanya vyema kuuliza kwa nini maslahi hayohayo yanasubiri ombi la mtu mmoja mmoja, badala ya kuzingatiwa ndani ya kanuni inayomhusu mtoto moja kwa moja.

Katibu wa Chama, Winnipeg

Mzee Mstaafu, Mama Bahati na ndugu yetu wa Dodoma, nawashukuru kwa dhati. Jana jioni niliwasomea wanachama majibu yenu yote kwa sauti, na kwa habari ya Mama Bahati nililazimika kupumzika katikati, kwani mama wawili waliokuwa ukumbini walianza kulia. Mmoja wao hakuwahi kutuambia kwamba yuko katika hali hiyohiyo.

Tumekubaliana kuandika, na tumeliacha suala la idadi kando. Tutaandika juu ya Kanuni ya 117 peke yake, kwa mpangilio alioupendekeza Mzee, na hoja ya maslahi ya mtoto itakuwa katika ukurasa wa kwanza. Vijana wawili waliokuwa wakipinga wamejitolea kuhesabu familia zilizoguswa, nyumba kwa nyumba, na wanatengeneza karatasi ya maswali isiyo na sehemu ya kuandika jina. Kijana wa tatu anafuatilia masharti ya mialiko ya Kifaransa, kwa ajili ya binamu yake, fundi umeme, aliyeko Bujumbura.

Nawaomba wanaosoma hapa wenye habari kama hizo wasiziandike jukwaani pamoja na majina au namba za mafaili; wapeleke kwa mashirika ya msaada wa kisheria katika miji yao. Rasimu yetu itakuwa tayari Jumamosi ya wiki ijayo. Mama Bahati, kama hutajali, tungependa uisome wewe kwanza kabla haijakwenda kwa mtu mwingine yeyote.